Dereva Anapokabidhi Funguo: Mjadala wa Kuacha Kazi ya Lori Kisii na Nyamira

Dereva wa lori ameacha kazi kwa wema ikiwa siku anayoondoka, tajiri wake mwenye lori hamdai maelezo na yeye hamdai tajiri malipo. Lori liko uani, mzigo wa mwisho umepokewa, hesabu imefungwa, na kila upande una karatasi zake. Katika kaunti za Kisii na Nyamira suala hili lina ugumu wa pekee, kwa kuwa malori mengi ni ya watu binafsi: mwenye duka la saruji Suneka, mwalimu mstaafu aliyenunua kenta moja kwa mkopo wa sacco, mfanyabiashara wa ndizi anayepakia Miruka au Ikonge. Ofisi ya kushughulikia wafanyakazi haipo, na mkataba wa maandishi ni nadra. Kilichopo ni simu, funguo na maneno ya mdomo. Ndiyo maana dereva na tajiri waliolishana kwa miaka huweza kuachana asubuhi moja na kubaki maadui.

Ubishi wa kwanza ni wa notisi. Mwenye lori hushika upande wake hivi: “Ndizi zimekatwa tangu asubuhi na wakulima wamelipwa. Mnunuzi ananingoja Nairobi kabla ya alfajiri. Saa kumi na mbili jioni dereva ananitumia ujumbe kwamba amepata kazi kwingine, funguo ameziacha kwa mlinzi wa kituo cha mafuta. Huyo nimsifu kwa mtu gani?”

Lawama hiyo ina uzito. Safari ya kutoka Kisii kwenda Nairobi kwa kupitia Keroka, Sotik, Bomet na Narok ni ya kilomita 300 hivi, na hupangwa usiku ili mzigo uwahi soko. Majani chai hayana hata subira hiyo. Yakishachumwa hupelekwa kituo cha kununulia kungoja lori la kiwanda, liwe la Kebirigo, Sanganyi, Nyankoba, Kiamokama au Ogembo. Lori lisipofika, majani hupata joto ndani ya magunia, huanza kuwa mekundu na hukataliwa kiwandani. Anayeumia hapo ni mama aliyeamka alfajiri kuchuma, ambaye hajui lolote kuhusu ugomvi wa dereva na mwajiri wake.

Dereva hujibu kwa swali lake: “Tajiri, ni nani katika kazi hii aliyewahi kupewa notisi? Mwenzangu ulimtoa kwa simu akiwa bado njiani na mzigo. Mimi nikikwambia leo kwamba naondoka mwisho wa mwezi, kesho nitakuta mtu mwingine kwenye usukani. Siku zilizobaki watoto watakula nini?” Hofu hii ndiyo huwafanya madereva wengi kuondoka kimyakimya, na anayewaita wote watoro hajaitazama kazi yenyewe vizuri.

Hapo huingia sauti ya tatu, ya afisa wa leba, na sheria anayoisoma haimpendelei yeyote. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinapima pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Kwa anayelipwa kila mwezi, notisi ni ya maandishi na ya siku 28, awe anaacha au anaachishwa. Anayelipwa kwa wiki humaliza kazi mwishoni mwa wiki inayofuata ile aliyotoa notisi. Wa kulipwa kila siku anaweza kuaga jioni hiyohiyo. Aliye kwenye kipindi cha majaribio hutoa notisi ya siku 7. Anayetaka kuondoka papo hapo, kifungu cha 36 kinamruhusu amlipe mwenzake mshahara wa siku za notisi ambazo hakuzitumikia. Na kuhusu hofu ya dereva kutolewa kesho yake, kifungu cha 38 kimeijibu moja kwa moja: mfanyakazi akitoa notisi, kisha mwajiri akamwambia aende tangu leo, mwajiri huyo ndiye hulipa mshahara wa siku zilizobaki, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo.

Dereva wa ndizi huona sheria hiyo haimhusu. “Mimi nalipwa kwa safari,” husema. “Nikishusha mzigo na kupokea changu, mimi si wa mtu hadi safari nyingine.” Ajabu ni kwamba tajiri hupenda neno hilo siku anapomfukuza dereva, na hulichukia siku anapoachwa yeye. Afisa huwafungulia wote wawili kifungu cha 37. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi 3, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, na notisi yake ni zile siku 28. Kwa hiyo dereva aliyeshika lori moja tangu msimu uliopita, akipakia karibu kila siku, hawezi kujiita mpita njia. Tajiri wake pia hawezi kumwita hivyo. Kipimo hicho ni cha haki, kwa sababu mtu aliyekabidhiwa mali ya mamilioni usiku kwa usiku ameaminiwa kuliko kibarua, na wote wawili walilijua hilo tangu mwanzo.

Siku 28 zinaweza kupunguzwa kwa makubaliano, na mara nyingi ni busara kuzipunguza. Dereva aliyeitwa Mombasa wiki ijayo na tajiri mwenye shemeji anayengoja lori hawana sababu ya kubanana mwezi mzima. Wanachohitaji ni mstari mmoja ulioandikwa na kutiwa sahihi na wote wawili, unaotaja siku ya mwisho na kwamba hakuna anayedaiwa siku za notisi.

Ubishi wa pili hausikiki sana katika miji ya mbali, lakini Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ndio mzito zaidi: tajiri ni jamaa. Ni baba mdogo, ni mjomba, ni mzee wa kanisa aliyemsomesha dereva udereva kwa pesa zake. Mzee wa namna hii akipewa barua huumia kuliko akitukanwa. “Kijana wangu,” husema, “mimi nilikulipia hadi leseni ikatoka. Leo unaniletea karatasi kama mtu wa mahakama?” Kijana naye hubaki njia panda. Akinyamaza na kuondoka, ataitwa mwenye shukrani ya punda. Akiandika, ataitwa msaliti.

Wanaoujua mji hutoa ushauri wenye utaratibu. Dereva huanza nyumbani kwa mzee, jioni, lori likiwa limelala na hakuna mzigo unaongoja. Ikiwa mzee ni Mwadventista, kama walivyo wengi Gusii, hafuatwi na habari za kazi siku ya Sabato. Kijana husema kwa mdomo kwanza, mbele ya mama wa nyumbani au mzee mwingine mmoja, na hutaja mema aliyotendewa kabla ya kutaja siku ya kuondoka. “Baba mdogo, mkono wako ndio ulionifikisha hapa. Nimepata trela ya kwenda hadi Malaba na nakuomba uniachilie mwisho wa mwezi. Karatasi hii inataja tarehe tu, ili siku nyingine tusije tukabishana.” Kisha huiacha mezani. Barua inayofuata mazungumzo haimtukani mtu. Wapo wanaodai kwamba kati ya ndugu maneno yanatosha, na hapo ndipo wanapokosea. Maneno yaliyosemwa jikoni hayasaidii pale mzee anapougua na mwanawe mkubwa akashika biashara akidai lori liliachwa bila taarifa.

Barua yenyewe ni fupi. Hutaja tarehe ya kuandikwa, jina na nambari ya kitambulisho cha dereva, nambari ya usajili wa lori, siku aliyoanza kazi na siku ya mwisho, pamoja na neno la shukrani. Malalamiko hayana nafasi ndani yake. Huandikwa nakala mbili, na tajiri hutia sahihi ile inayobaki kwa dereva. Tajiri aliye mbali hupigiwa picha ya barua na kutumiwa kwa WhatsApp, na jibu lake huhifadhiwa.

Katika makabidhiano ya lori ndiko sifa ya dereva huthibitika au kuharibika. Ugomvi mwingi unaosemwa ni wa notisi huwa kwa kweli ni wa tairi, betri na mafuta. Tajiri hulalamika: “Nilimpa lori likiwa na tairi mbili mpya nyuma. Sasa zimevaa hadi nyuzi, na moja si ile niliyonunua.” Dereva hulalamika vilevile: “Betri niliikuta imekufa. Leo inahesabiwa yangu kwa sababu nimepata kazi nzuri.” Hakuna mwamuzi anayeweza kuumaliza ubishi huo ikiwa siku ya kupokea lori hakuna aliyeandika kitu.

Makabidhiano mazuri hufanywa mchana, lori likiwa tupu na limesimama mahali tambarare, wote wawili wakiwepo, na dereva mpya akiwepo pia ikiwa ameshapatikana. Huanza ndani ya kabini. Kilomita zilizo kwenye dashibodi huandikwa, na geji ya mafuta hupigwa picha injini ikiwa inanguruma. Halafu watu huzunguka lori. Kila tairi ina nambari iliyochapwa ubavuni mwake, na nambari hizo huandikwa moja baada ya nyingine: sita za kenta, na ya spea chini ya bodi, ambayo wengi huisahau kwa sababu lazima mtu ainame na kuipangusa tope ili aisome. Nambari za betri huandikwa. Jeki, spana ya gurudumu, turubai, kamba, kizimamoto na pembetatu za kuakisi mwanga huwekwa chini mbele ya macho ya wote. Stika ya bima na cheti cha ukaguzi cha NTSA hutazamwa tarehe zake. Funguo zote, pamoja na ile ya akiba ambayo tanboi hubeba, hurudishwa, na vilevile kadi ya mafuta kama ipo.

Baada ya hapo dereva hutaja magonjwa ya lori kwa uaminifu. Klachi inateleza kwenye mlima. Taa ya breki ya kushoto huwaka ikitaka. Gia ya tatu huruka. Mambo haya huandikwa chini ya orodha, na wote hutia sahihi. Wapo madereva wanaoficha ubovu wakihofia kwamba watatozwa, na hofu hiyo inaeleweka, lakini atakayeteremka na lori hilo usiku ni dereva mwenzao na watu wengine walio barabarani. Jambo hili halina upande wa pili wa kusikilizwa.

Ikiwezekana, dereva anayeondoka husafiri safari moja na anayeingia. Kumwonyesha mtu ni duka gani la Daraja Mbili hupokea mzigo hadi usiku, mnunuzi gani hukagua mikungu mmojammoja, na breki za lori hilo zinataka mguu wa namna gani, ni huduma inayokumbukwa kuliko barua yoyote ya shukrani.

Kuhusu mahali pa kukabidhi, pande zote hukubaliana upesi. Lori halikabidhiwi njiani. Dereva aliyekasirishwa na tajiri akaliacha lori Narok au Isebania likiwa na mzigo ameondoka mahali pake pa kazi bila ruhusa. Kifungu cha 44 kinahesabu hilo kuwa miongoni mwa makosa makubwa ya kumfukuzisha mtu mara moja. Zaidi ya hapo, mzigo ukiibiwa atakuwa na maswali ya polisi ya kujibu. Ugomvi wa njiani humalizwa uani, baada ya kushusha.

Pesa huleta ubishi mrefu. Tajiri huja na daftari: advansi ya karo ya Januari, pesa za hospitali, magunia mawili yaliyopungua, mafuta yasiyolingana na safari. “Hesabu ikitoka, hakuna kinachobaki,” husema. Afisa wa leba humwonyesha kifungu cha 19. Mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa makusudi ya mfanyakazi, na upungufu wa fedha kwa mtu ambaye mkataba wake unasema wazi kwamba amekabidhiwa kuzishika. Makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Ndizi zilizoiva njiani kwa sababu ya foleni hazimo humo. Tairi iliyopasuka kwa uzee haimo. Advansi ni deni halali, na dereva mwenye nia njema huitaja mwenyewe kabla ya kuulizwa, huleta taarifa ya M-Pesa na kukubaliana jinsi ya kuilipa.

Lipo shimo moja kwenye hesabu ambalo kila mtu wa barabara analijua: pesa zinazotolewa kwenye vizuizi bila risiti. Dereva huziita gharama za safari, tajiri huziita wizi, na sheria huziita hongo. Kuzificha ndani ya mafuta au ndani ya chakula huharibu hesabu nzima, na siku ya kuondoka dereva huonekana mwizi wa lita ambazo hakuziiba. Njia salama ni kutozitoa. Wenye malori nao wanapaswa kuacha kuwatuma madereva na lori lililozidi uzito, kisha kuwauliza pesa zimekwenda wapi.

Upande wa pili wa daftari una haki za dereva, ambazo matajiri wengi hawaziandiki. Siku alizofanya kazi mwezi huo zote hulipwa. Likizo ya mwaka ni siku 21 za kazi, na aliyemaliza angalau miezi 2 hulipwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi uliotimia, kwa hiyo dereva wa miezi 8 ambaye hakwenda likizo anadai siku 14. Aliyekuwa akichangia NSSF huhakikisha kwamba makato yake, asilimia 6 yake na asilimia 6 ya mwajiri, yamefika kweli. Aliyekuwa wa mshahara wa mwezi na hakuandikishwa NSSF wala mpango mwingine wa uzeeni anadai malipo ya utumishi kwa kila mwaka, ambayo mahakama zimezoea kuyahesabu kwa siku 15. Haya hudaiwa kwa sauti ya chini na kwa karatasi. Kuyadai hakuvunji wema.

Sauti kali zaidi katika mjadala ni ya dereva mwenye lori bovu. “Breki zinashika mara moja katika mara tatu. Nimemwambia tajiri tangu mwezi uliopita. Nimalize siku 28 nikiteremka na lori hilo?” Tajiri hujibu kwamba kila dereva anayetaka kuondoka ghafla hugundua breki mbovu siku hiyo. Huenda wapo wa namna hiyo. Lakini mtu hawezi kupuuza neno hilo katika eneo linalopakana na Kericho, ambako jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, lori lilivamia watu na magari na kuua zaidi ya watu 50. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi aripoti hatari iliyo karibu, inamzuia mwajiri kumrudisha kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa, na inamlinda asifukuzwe kwa kujitoa. Kadhalika Sheria ya Trafiki haimruhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Dereva anayelazimishwa kuvunja masharti haya hahitaji kuaga kwa unyenyekevu. Anahitaji kuripoti kwa maandishi, kuliacha lori uani na kueleza sababu. Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2015 kwamba mwajiri anayeivunja ajira kiasi cha kumfanya mfanyakazi asiwe na njia ila kuondoka huhesabiwa kuwa amemfukuza yeye mwenyewe. Maandishi ya awali ndiyo hutofautisha dereva huyu na yule wa kisingizio.

Hubaki cheti na jina. Madereva wengi hudhani tajiri anaweza kuwanyima cheti cha utumishi kwa hasira. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamlazimu akitoe kwa yeyote aliyefanya kazi kwa wiki 4 au zaidi, kikitaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku ya kuanza, aina ya kazi na mahali pake, na siku ya kukoma. Anayekataa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote viwili. Kile ambacho halazimishwi kukitoa ni sifa: kwamba dereva ni mwaminifu, hanywi, hasifoni mafuta. Sifa hiyo hupitia simu, tajiri mmoja akimuuliza mwenzake, na huwezi kuidai ofisini. Ndiyo faida ya orodha ya tairi iliyotiwa sahihi. Tajiri aliyekasirika huweza kusema mengi, ila hawezi kusema lori lilirudi bila betri huku sahihi yake ikisema limerudi nayo.

Mabishano yasipomalizika uani, ofisi ya leba ndiyo hatua inayofuata, na baada yake mahakama. Dereva ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi anaweza kusikilizwa na hakimu aliyeteuliwa kwa kesi za ajira, bila kwenda hadi Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Madai hayo yana muda wake wa miaka 3.

Wenye malori hulalamika kwamba taratibu hizi ni za kampuni kubwa. Sheria haikubaliani nao. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi na kinamwachia mwajiri jukumu la kuuandaa, na kifungu cha 10 kinamtwika yeye mzigo wa uthibitisho kesi ikifika na mkataba haupo. Kwa hiyo mwenye lori la Kisii au Nyamira ambaye leo hana karatasi na dereva wake aandike ukurasa mmoja kabla ya mwisho wa mwezi huu: mshahara, siku ya malipo, muda wa notisi, na nambari za tairi zilizo kwenye lori siku hiyo. Dereva naye auombe ukurasa huo siku anapopokea funguo.